Wekundu wa Kibaha, Rangi za Kisarawe

Bwana Maji hakupenda mtu aseme picha ni nzuri. Ukimwambia "nzuri" alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, kisha akauliza, "Nzuri ni nini? Niambie unaona nini." Ikabidi uinamie kioo cha kompyuta na kueleza: naona duara la njano katikati, naona mikono miwili mikubwa imejipinda, naona mkono wa kulia una buluu iliyopauka, na juu ya ile buluu kuna vidoa vyekundu. "Vidoa vingapi?" Unahesabu. "Haya, sasa umeiona," alisema, na hapo ndipo alipokubali kuketi.

Alikuwa mstaafu wa maabara ya maji. Umri wake wote wa kazi aliumalizia Ruvu, akipima maji kabla hayajasafirishwa kwenda Dar es Salaam, na huku Pangani ya Kibaha, mtaa aliojenga, watu wengi hawakujua jina lake lingine. Alikuwa Bwana Maji tu. Mimi nina studio ya picha Maili Moja. Napiga picha za pasipoti, za harusi, za wanafunzi wanaomaliza shule, na nyingi zaidi ya hizo nazisafisha kwenye kompyuta. Yeye aliniita Mama Picha. Tulifahamiana kwa miaka saba, na katika miaka hiyo sote tuliitana kwa majina hayo ya kazi.

Siku ya kwanza aliingia saa nne asubuhi, akasimama mbele ya meza yangu bila kuangalia picha za maharusi ukutani.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Unajua kupanga picha moja juu ya nyingine, zikae kwa leya?"

"Najua, mzee. Ndiyo kazi yangu."

"Unajua kutoa leya moja ndani ya nyingine? Siyo kufuta. Kutoa, kama hesabu."

Nikamwambia hilo sijawahi kuombwa. Akavuta kiti. "Basi tutajifunza," akasema, akatoa diski ndogo aliyoifunga kwenye leso.

Ndani ya diski ile mlikuwa na galaksi. Alikuwa na darubini, kitu kifupi kinene kama ndoo ya rangi, aliyoachiwa na mgeni mmoja aliyefanya naye kazi zamani, na nyuma ya darubini alifunga kamera. Galaksi aliyoipenda aliiita Themanini na Tatu, kwa sababu ndiyo namba yake katika orodha moja ya kale ya watazama nyota. Ina mikono iliyojizungusha kama maji yanapoingia kwenye tundu la beseni. Katika mikono hiyo, alinieleza, kuna mawingu ya haidrojeni, na ndani ya mawingu hayo nyota mpya zinazaliwa. Mawingu yanatoa mwanga mwekundu, wekundu wa aina moja tu, hauongezeki wala haupungui. Lakini ukipiga picha ya rangi ya kawaida, wekundu ule unamezwa na mwanga wa nyota zenyewe. Unabaki waridi hafifu, tena si kila mahali.

Kwa hiyo alipiga mara mbili. Mara moja alipiga rangi zote, na mara nyingine aliweka mbele ya kamera kichujio, kioo cheusi kidogo kama kifuniko cha chupa ya dawa, kisichopitisha kitu kingine ila ule wekundu wa haidrojeni. Kazi yangu ilikuwa kuzikutanisha picha hizo mbili ziwe moja.

"Kwa nini usumbuke hivyo, mzee?" nilimuuliza siku moja.

"Maji ni haidrojeni mbili na oksijeni moja," akajibu. "Nimepima maji miaka yote ile, nikanusa, nikaonja, nikatia dawa. Haidrojeni yenyewe sijawahi kuiona. Nataka niione kabla sijafa."

Tabia za kazi hazikumtoka. Ukimpa maji alinusa kwanza, kisha akakwambia yanakotoka: haya ya bomba, haya ya kisima kifupi, haya umeyaweka kwenye dumu lililokuwa na mafuta. Studio kwangu hakunywa chai mpaka asikie birika likichemka kwa masikio yake, hivyo nilihamishia jiko la umeme upande wa mbele ili yaishe. Aliandika kwa penseli, maana wino, alisema, ukilowa unasahau. Kila picha ilikuwa na mstari wake kwenye daftari: mahali, saa ngapi ilianza, upepo ulikuwaje, nani alichoma taka jirani.

Mtu mwenye subira kiasi hicho ungedhani ni mpole kwa watu. Hakuwa hivyo. Bwana Maji aliweza kukaa saa tano akisubiri mwanga unaodondoka tone kwa tone kwenye kamera, lakini hakuweza kusimama nyuma ya watu wawili dukani. Watoto wake, walio mbali na wenye familia zao, walipompigia simu na kuanza na habari za hali ya hewa, aliwaambia, "Sema unachotaka," na simu ikawa fupi. Aligombana na jirani yake kwa sababu ya taa ya mlangoni, mpaka jirani akaenda kwa mjumbe wa mtaa na kusema mzee ana mtambo wa kuchungulia wake za watu. Mjumbe alipokuja, Bwana Maji hakujitetea. Alimsogeza mjumbe kwenye darubini, akamwonyesha pete za Zohali. Mjumbe alitoka pale, akamwambia jirani azime taa. Jirani na Bwana Maji hawakusalimiana tena mwaka mzima.

Mimi pia nilipata sehemu yangu ya ukali huo, na nilistahili. Tulikuwa tumemaliza picha ya galaksi nyingine ndogo, si Themanini na Tatu. Akaniruhusu nichape moja niitundike dirishani. Nilipoiangalia nikaona mkono wa chini kushoto uko mtupu, hauna kidoa hata kimoja, wakati mwenzake umejaa. Kwenye harusi, shada la maua likiwa limenyauka upande mmoja, nalirudishia. Nikachukua brashi ya kompyuta, nikadondosha wekundu mara mbili, hapa na pale. Ikapendeza. Wateja wakasimama dirishani kuipiga kwa simu zao.

Alikuja siku ya pili. Nilimwona akisimama nje, uso karibu na kioo. Akaingia bila salamu.

"Haya mawingu mawili umeyatoa wapi?"

"Nimeongeza kidogo tu, mzee. Palikuwa patupu."

"Palikuwa patupu kwa sababu ni patupu!" Sauti ilipanda hadi mteja wangu akashuka kwenye kiti. "Mimi nakaa usiku kucha nakusanya kilichopo, wewe unanitilia kisichopo? Hujui kutoa, halafu unaongeza?"

Akaibandua picha mwenyewe, akaikunja, akaondoka nayo. Siku nane hakuonekana. Ya tisa alirudi na mfuko wa machungwa, akauweka mezani, akaketi.

"Nilisema kwa ukali," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Lakini palikuwa patupu."

"Palikuwa patupu."

Akasogeza mfuko wa machungwa upande wangu. "Nimewahi kusema kwa ukali siku moja, nikashindwa kurudisha. Kwa hiyo hii nimeona niirudishe mapema."

Sikuelewa siku ile. Nilimenya chungwa, tukafanya kazi. Ndipo aliponifundisha ile hesabu ya kutoa. Picha ya kichujio, kumbe, nayo haikuwa safi. Ndani yake umepenya wekundu wa nyota za kawaida. Ukiichukua ilivyo na kuimimina kwenye picha ya rangi, galaksi nzima inakuwa kama ngozi iliyobabuka. Lazima kwanza upime wekundu wa kawaida, uutoe, na kinachobaki, kidogo sana, ndicho haidrojeni. Hicho ndicho unachokiongeza. "Toa kwanza, ndipo uongeze," aliniambia mara nyingi kiasi kwamba mume wangu akawa ananitania kwa maneno hayo jikoni, nikitia chumvi.

Sasa kuhusu mahali. Kibaha ina taa nyingi, na ng'ambo yake kuna taa za Dar es Salaam zinazoufanya upande mzima wa mashariki uwe kama kuna moto. Kwa kichujio haikuwa shida. Kile kioo cheusi kinakataa taa za barabarani, hivyo wekundu aliukusanya uani kwake Pangani, amejifunika kitenge, kando ya tanki la maji. Rangi, hata hivyo, hazikupatikana pale. Rangi zilitaka giza la kweli. Kwa rangi alikwenda Masaki, wilaya ya Kisarawe, kwenye shamba la mikorosho.

Kwa miaka miwili nilidhani shamba ni lake. Halafu mwaka mmoja, mwezi wa Juni, pikipiki aliyoizoea iliharibika, akaniuliza kama mume wangu angeweza kumpeleka kwa kirikuu chake. Tukaenda wote watatu, darubini nyuma imelazwa juu ya godoro. Tulifika jua likielekea kuzama. Nikategemea tutaingia moja kwa moja uani, lakini Bwana Maji alimwambia mume wangu asimamishe gari nje ya uzio wa miti. Akashuka, akanyoosha shati, akapiga hodi kama mtu wa kata nyingine.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," ikajibu sauti ya mwanamke kutoka ndani. "Mgeni amekuja. Mpokeeni."

Akatoka mwanamume wa makamo, Bwana Maji akamwita shemeji. Akatuonyesha njia ya kupita pembeni ya nyumba, mpaka nyuma kabisa, kupita mikorosho ya mwisho, kwenye kiwanja kilichofagiliwa. Giza lilipoingia nikasikia ile sauti ya mwanamke tena, safari hii akiwaambia watu wa nyumbani: "Zimeni taa zote. Mgeni anafanya kazi." Taa zikazimwa. Hata tanuri la mkaa la yule shemeji, nilikuja kujua, halikuwa likiwashwa wiki ambayo Bwana Maji anakuja, maana moshi wake ungefunika anga.

Chakula kililetwa na shemeji, mihogo ya kuchemsha na kisamvu cha nazi, kimefunikwa kawa. Bwana Maji alikula, akaosha sahani mwenyewe. Kisha akatoa mfukoni karatasi ndogo iliyoandikwa kwa penseli, akaiweka chini ya sahani, akampa shemeji airudishe ndani.

Asubuhi wanaume walipokuwa wakifungasha, nilikwenda kumsalimu mwenye nyumba. Nilimkuta barazani anamenya mihogo. Alikuwa mwembamba, mrefu, na mikono yake ilienda haraka bila yeye kuitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa, kamata kisu." Nikakaa, nikakamata kisu. Baada ya muhogo wa tatu akaniuliza, "Wewe ndiye unayemtengenezea zile picha?"

"Ndimi."

"Anakugombeza?"

"Anagombeza."

Akacheka kidogo. "Mimi nilikuwa mke wake."

Alinisimulia bila kushusha sauti, kama mtu aliyekwisha kuzoea habari yenyewe. Bwana Maji alimpa talaka mara tatu katika maisha yao. Ya kwanza ujanani, kwa hasira, akamrejea kabla ya mwezi kwisha. Ya pili baada ya miaka mingi, hasira tena, akamrejea tena. Ya tatu ilikuwa kwa sababu ya chupa sita. Alikuwa amezileta kutoka kazini, maji ya mto ya kupima, akaziweka kivulini uani. Siku ile bomba lilikuwa kavu na mtoto wao mdogo ana homa. Mama akamwogesha mtoto kwa maji yale.

"Yalikuwa maji, mwanangu," akasema. "Mimi niliona maji. Alipofika akayaulizia, nikamwambia. Akasema neno lile. Halafu akasimama pale pale mlangoni, kama mtu aliyedondosha kitu kisimani, anasikiliza kama kimefika chini."

Zikawa zimetimia tatu. Shehe aliwaambia hakuna kurejeana, ila kama mama ataolewa na mwingine, wakaishi kweli, wakaachana kweli. Wapo walioshauri wafanye ujanja wa haraka. "Nikasema sitamfanya mwanamume wa watu daraja," alisema. Akarudi Masaki, kwenye shamba la baba yake, akaishi na mdogo wake. Hakuolewa. Bwana Maji naye hakuoa. Miaka ikapita. Ndipo siku moja Bwana Maji akampigia simu shemeji yake kuomba kona yenye giza ya kuwekea darubini. Shemeji akamuuliza dada yake. Dada akasema, mwache aje, shamba ni kubwa.

Hawakukaa pamoja hata mara moja. Sheria haikuruhusu, na wote wawili waliiheshimu. Alipiga hodi, yeye akaitikia kutoka ndani, basi. Lakini mama aliingia chumbani akaniletea kopo la biskuti, akalifungua. Lilikuwa limejaa zile karatasi za penseli. Kumbe kila safari Bwana Maji aliondoka na chupa ya maji ya kisima chao, akaenda kuyapima, na safari iliyofuata akarudisha majibu chini ya sahani. *Kisima ni salama. Chemsheni hata hivyo.* *Chumvi imepanda kidogo, si ya kutisha.* *Salama.* *Salama.* *Fungeni mfuniko, kuna majani.*

"Sisomi vizuri siku hizi, macho," akasema. "Mdogo wangu ananisomea. Zote karibu zinasema kitu kimoja." Akafunga kopo, akaendelea kumenya.

Njiani kurudi Bwana Maji alikaa mbele. Sikumwambia nilichosikia, naye hakuuliza.

Themanini na Tatu ni galaksi yenye kisirani kwa watu wa huku. Inapanda juu kabisa wakati wa masika, wakati ambao hatuoni hata mwezi. Zinabaki alfajiri chache za Februari na jioni za Juni na Julai kabla haijazama. Kwa hiyo kazi iliendelea mwaka baada ya mwaka, saa mbili hapa, saa tatu pale. Wekundu wa Kibaha ulikamilika mapema. Rangi za Kisarawe ndizo alizokuwa akiongeza. Nilizipanga kwenye kompyuta, moja juu ya nyingine, na kila zilipoongezeka picha ilipungua chenga, zile punjepunje za picha ya gizani, mpaka nikaona buluu ya mikono imetulia, njano ya kati imelainika, na hata michirizi ya vumbi inaonekana.

"Mzee," nikamwambia, "rangi zimetosha."

"Hazijatosha."

"Angalia mwenyewe. Hapa hakuna chenga. Nikiongeza saa nyingine kumi hutaona tofauti."

Akaangalia. Alikuwa na macho makali kuliko yangu, hakukosa kuona. "Hazijatosha," akarudia, akafunga daftari. Nikaifunga picha. Mwezi uliofuata alikwenda Masaki, na uliofuata, na mwaka uliofuata. Mimi nilipokea diski, nikapanga, nikasema, "Zimeingia," naye akasema, "Vizuri."

Mama wa Masaki alifariki masika. Aliugua siku chache, kifua, wakampeleka hospitali, akarudishwa nyumbani akiwa amefunikwa. Shemeji alinipigia mimi, akasema hajui amwambieje mgeni. Nikaenda mwenyewe Pangani. Bwana Maji alikuwa anafagia maji ya mvua uani. Nilipomwambia hakuacha kufagia. Alifagia mpaka ukutani, akaegemeza ufagio, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Kisha akaniuliza kama barabara inapitika.

Ilipitika kwa shida. Kirikuu kilikwama mara mbili, na Bwana Maji alishuka kusukuma kwa umri ule, tukashindwa kumzuia. Tulipofika, watoto wao walikuwa wameshafika, wamekaa mbele na mjomba wao wakipokea mikono ya rambirambi. Wakasimama kumpisha baba yao. Akakataa. Akaenda kukaa kwenye jamvi la mwisho, pamoja na majirani na wachoma mkaa, magoti yana matope. Hakuwa mfiwa. Kwa neno lake mwenyewe la miaka ile alikuwa hana mahali pa mfiwa, na hakutaka kupewa kwa huruma.

Sisi wanawake tulibaki nyumbani, kwa hiyo ya makaburini nilisimuliwa na mume wangu. Wanawe na mjomba ndio walioingia kaburini. Bwana Maji alisimama nyuma. Zamu ya watu wote ilipofika akaja, akainama, akatia udongo mara tatu kwa mkono kama wengine, akarudi nyuma. Mume wangu anasema alibaki ameukunja ule mkono, hakuupangusa.

Ndani, miongoni mwa wanawake, mmoja alichungulia dirishani walipokuwa wakirudi. "Yule mzee mwenye matope ni nani?" akauliza.

"Ni mgeni wa darubini," mwingine akamjibu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema. Nilichukua beseni la vikombe nikaenda kuviosha, na hilo linaniuma mpaka leo.

Juni ikaja, na anga likawa safi kuliko nilivyoliona miaka mingi. Sikumsikia Bwana Maji. Nilimpigia simu mara moja, akasema anapumzika. Halafu asubuhi moja, saa nne, akaingia studio. Alikuwa amekonda, na shati alilovaa lilikuwa limepigwa pasi vizuri sana.

"Shikamoo, baba," nikasema. Sijui kwa nini sikusema mzee.

"Marahaba. Leo tuimalize."

Nikafungua rangi za Kisarawe. Miaka yote ile ya jioni fupi, zimelala moja juu ya nyingine. Nikafungua wekundu wa Kibaha, nikatoa kile cha kutoa. Nilipotaka kuunganisha akanishika mkono. "Ngoja. Acha hiyo ya Masaki peke yake kwanza."

Tukaiangalia peke yake. Duara la njano, mikono ya buluu, haina wekundu. Nje wauza matunda walikuwa wakiita wateja, na mashine yangu ya kuchapia ilikuwa ikinguruma kazi ya mtu mwingine. Alikaa nayo muda mrefu, mikono juu ya magoti.

"Sasa weka," akasema.

Nikaanza kupandisha wekundu pole pole. Vidoa vikatokea kimoja kimoja kandokando ya mikono, kwanza vile vikubwa, halafu vidogo kama punje za ulezi. Nilikuwa namwangalia kwa pembeni aniambie nisimame. Nikafika mahali ambapo mimi mwenyewe niliona panatosha, nikaacha.

"Nimesimama hapa, baba."

Alivua miwani, safari hii hakuifuta. "Mimi sioni sawasawa leo. Wewe unaonaje?"

Katika miaka saba alikuwa hajawahi kuniuliza hivyo. "Imekamilika," nikasema.

"Ilikamilika mwaka juzi."

"Najua."

Akaitikia kwa kichwa. Baadaye, kwa sauti ya chini, akauliza, "Yeye alijua?"

Ningeweza kumpa jibu la kumfariji, lakini mtu yule hukumpa kitu kisichopo. Bahati ni kwamba jibu la kweli nilikuwa nalo.

"Alijua," nikamwambia. "Februari, siku ile mimi na mume wangu tulipokuja kukuchukua kule Masaki. Alinivuta pembeni akaniuliza kama picha imekwisha siku nyingi. Nikamwambia ndiyo, imekwisha. Akasema, 'Basi usimharakishe.'"

Hakulia mbele yangu. Alifungua daftari lake, akaangalia ukurasa mtupu, akalifunga. Baada ya muda akaniambia nichape moja, kubwa, na chini niandike kwa herufi ndogo. Akanitajia maneno, nikayaandika kama alivyosema: *Haidrojeni: Pangani, Kibaha. Rangi: Masaki, Kisarawe, kwa idhini ya mwenye shamba.*

Picha ilipotoka wino ulikuwa mbichi, na hakutaka niikunje. Akakaa kwenye kile kiti cha picha za pasipoti, ameishika kwa viganja viwili. Akaingia kijana wa kike, ana haraka, anataka pasipoti. Bwana Maji akasimama kumpisha. Nikampiga yule binti, na yeye huku akirekebisha mtandio akaikodolea macho ile picha.

"Babu, hiyo nini? Mbona inavutia hivyo!"

Nikatazamia amuulize anaona nini, anaona vingapi. Hakuuliza.

"Masaki," akasema.

"Masaki? Kule Dar mjini, kwa matajiri?"

"Hapana, mjukuu wangu," akasema Bwana Maji. "Masaki ya Kisarawe."